Kitambua gesi cha motohomu kinalia ovyo: nilichokagua kabla ya kukibadilisha

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni. Leo niko ndani ya motohomu, yaani gari lenye nyumba ndani yake, hapa Texas, na mkononi nina kitambua gesi kipya, kile cha kupima propani, ile gesi ya mtungi, na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto na injini, kwa pamoja. Cha zamani ni hiki hapa ukutani, kimepauka mpaka kimegeuka manjano. Sikilizeni... mmeusikia huo mlio? Mfupi, unakatika, halafu unarudi.

Mlio wa namna hiyo kwa kawaida ni wa hitilafu, au kifaa kimefika mwisho wa umri wake. Soma maelezo yaliyobandikwa kwenye kifaa chako, maana kila kampuni ina utaratibu wake wa milio na taa. Lakini kikilia kwa nguvu na taa nyekundu ikawaka, chukulia kwamba ni gesi kweli. Toa watu wote nje, mlango uache wazi, swichi yoyote usiiguse, iwe ya kuwasha au ya kuzima. Kafunge valvu ya tangi kule nje, kisha piga 911, namba ya dharura ya huku Marekani, ukiwa mbali na gari. Valvu naisisitiza kwa sababu friji na hita ya maji kwenye magari haya zinajiwasha zenyewe. Unaweza usiguse kitu chochote na cheche ikatokea. Propani inaanza kuwa hatari ya mlipuko ikifika 2.1% ya hewa, na kifaa kisicho na hitilafu kinatakiwa kulia kabla ya robo ya kiwango hicho. Huo ndio muda wako wa kutoka, usiutumie kutafuta panapovuja.

Turudi kwenye hiki chetu. Kwanza nimepima betri ya ndani, ile ya taa na pampu. Mita inasoma volti 12.6, betri iko vizuri. Ikishuka sana, kitambua gesi kinaweza kulia kwa sababu hiyo tu. Na chenyewe kinakula umeme saa zote. Tuseme kinavuta ampea 0.1, hiyo ni ampea-saa 2.4 kwa siku. Ukiegesha gari wiki kadhaa bila kuchaji, utakuta betri imelala.

Hapa pa betri nakaa kidogo, maana panachanganya watu wengi. Betri ya maji ya asidi ikichajiwa kupita kiasi inatoa gesi, nyingine ikiwa na harufu ya yai viza. Propani nayo imetiwa dawa ya harufu inayokaribiana na hiyo. Kwa hiyo mtu ananusa, kifaa kinalia, anahangaika na mabomba ya gesi siku nzima, kumbe betri chini ya ngazi inachemka. Ukishafunga gesi na gari likapata hewa, chunguza betri bila kuisogelea sana: ikiwa imevimba, au unahisi joto lake, zima chaja kutoka nje na mwite fundi. Ya kwangu imepoa, haijavimba, harufu hakuna. Viungo vya bomba nimevipaka maji ya sabuni, hakuna povu lililofumuka. Na humu ndani hakuna aliyepuliza dawa ya nywele wala kupaka silikoni, vitu ambavyo sensa hizi hazivipendi.

Sasa nafungua skrubu mbili, nakigeuza. Oneni tarehe nyuma: muda wa kukibadilisha umeshapita. Sensa inachoka hata kama gari halitembei, na vingi vimepangiwa miaka mitano hadi saba. Kuna watu wanakata waya ili walale kwa amani. Jamani, msifanye hivyo. Familia nzima imelala humo.

Kabla ya kununua, pima tundu la ukutani, maana vingine vinazama ndani na vingine vinakaa juu ya ukuta. Kisha toa fyuzi. Kwenye waya kuwa makini: kifaa kina nyekundu ya chanya na nyeusi ya hasi, lakini ukutani kwenye motohomu nyingi za Marekani nyeusi ndiyo chanya, na nyeupe ndiyo hasi. Ukiunganisha nyeusi kwa nyeusi umekosea. Rudisha fyuzi kwa muda, tumia mita kuthibitisha kila waya, toa fyuzi tena, ndipo uunge. Nimefunga, narudisha fyuzi... taa ya kijani inapepesa. Sensa inapata joto kwanza, mpe dakika chache. Imetulia. Nabonyeza kitufe cha kujaribu. Huo mlio unamwamsha yeyote.

Je, kinafaa? Kwa propani, ndiyo, nakipendekeza. Kimeingia kwenye tundu la zamani bila kukata ukuta, na kiko chini karibu na sakafu panapotakiwa, maana propani ni nzito kuliko hewa takriban mara moja na nusu. Ndugu wa Dar na Nairobi mnaopikia mitungi, gesi yenu pia inatuama chini, msikiweke juu karibu na dari.

Kwa kaboni monoksaidi sijaridhika. Gesi hiyo haina harufu, inasambaa na hewa ya chumba kizima, na kifaa hiki kiko jikoni wakati kitanda kiko nyuma kabisa, mlango umefungwa. Tena hakina betri yake. Betri ya gari ikifa, ulinzi wote wa aina mbili unazimika pamoja. Kwa hiyo nimeongeza king'ora cha pili cha kaboni monoksaidi, cha betri ndogo, kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Na kwenye vyote viwili nimeandika mwaka wa kubadilisha kwa kalamu ya wino mzito, mbele, siyo nyuma.