Uzoefu wangu: nilipeleka mpini wa Obi-Wan kukerezwa Shimanzi, wakaung'oa mashineni ukiwa nusu

Naanza na nyota mbili. Nikifika mwisho huenda zikawa moja, maana kila nikikumbuka, hasira zinanipanda upya.

Nataka kujua ni nani aliyewaambia wenye karakana kwamba kazi ya mtu yaweza kung'olewa mashineni haijaisha, ikabwagwa juu ya meza yenye grisi, kisa kuna mteja mwingine ameingia na kelele zake. Jina la mahali silitaji. Ni Shimanzi, hapa Mombasa, na karakana za Shimanzi ni nyingi, kila mtu ashuku anayoitaka.

Kazi yenyewe ni mpini wa upanga wa mwanga wa Obi-Wan Kenobi, ule wa filamu ya Star Wars ya 1977. Kuna watakaocheka: mwanamke mzima, mwenye kazi yake ya kutoa mizigo bandarini, anatengenezesha mpini wa upanga usio na makali. Chekeni, mkimaliza tuendelee. Mpini huu una hadithi inayofaa kusimuliwa katika karakana yoyote ya jua kali. Waliotayarisha vifaa vya filamu ile Uingereza hawakuwa na pesa za kuchezea, wakawa wanaokoteza vyuma vikuukuu na kuviunganisha. Kichwa cha mpini ni kipande cha bomba la injini ya ndege, Rolls-Royce Derwent. Tumbo lake ni guruneti la kurushwa kwa bunduki, la Waingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kuna kipande cha bunduki ya rashasha, kuna kibanio kilichotoka kwenye taa ya kamera ya Graflex, na kitako, mwisho kabisa, ni mkono wa mfereji. Ndiyo, mfereji wa maji, wa Armitage Shanks, wale wale ambao jina lao mtu hulisoma akiwa chooni. Na idara iliyosimamia sura ya filamu hiyo ikaondoka na Oscar.

Kwa hiyo nilijiambia, kitu kilichozaliwa kwa vyuma chakavu hakiwezi kumshinda mkereza wa Mombasa anayekereza bushi za malori kutwa. Kuagiza nakala iliyo tayari kutoka Marekani sikutaka. Nauli na ushuru vinakaribia kuipita bei ya kitu chenyewe, na ushuru naujua, ndio unaonilisha.

Vyuma nilinunua mwenyewe. Gogo la alimini kwa sehemu kubwa, na kipande cha shaba kwa shingo na vipete, kwa muuza vyuma vikuukuu. Tangu serikali ilipopiga marufuku biashara ile Januari 2022, na hata baada ya kuifungua tena, yule ninayenunua kwake huniuliza maswali mengi na huniandikia risiti hata kwa kipande cha kiganja. Risiti ninayo. Nitairudia.

Sasa, karakana. Mzee mwenyewe alikuwa nje kwenye kiti, na kikombe chake cha kahawa. Nikamwamkia shikamoo, nikafungua mchoro. Akautazama kwa mbali, akaniuliza, "Na mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe ni mimi, mzee."

"Mumeo ndiye fundi?"

Nikamwambia sina mume, na hata ningekuwa naye mpini ungekuwa wangu. Akaguna, akamwita kijana wake. Hapo nilipaswa kuudhika, lakini sikuudhika, kwa sababu kijana yule alinitia moyo mara moja. Ni mpole, hasemi sana, mikono yake ina makovu ya kazi. Aliugeuza mchoro huku na huku, akaniuliza swali la mtu anayejua: shingo ikatwe mwanzo au mwisho? Akajijibu mwenyewe. Mwisho, dada, maana tukiipunguza mapema chuma chote kitaanza kutetema na kisu kitaacha mawimbi.

Akaifunga alimini, mwisho wa pili akaukazia senta, ile ncha ya kuegemeza, ili usicheze, akaanza. Mkono mmoja kwenye gurudumu, mwingine una brashi iliyochovywa mafuta ya taa. Alimini ikikatwa kavu, akaniambia, hupata joto ikagandia kwenye ncha ya kisu, na ikishagandia kisu hakikati tena, kinakwaruza. Na kweli, kwa yale mafuta ya taa ilikuwa inatoka utepe mrefu, unang'aa, unajikunja wenyewe kama maganda ya chungwa mkononi mwa muuzaji wa Mwembe Tayari, na nyuma yake alimini inabaki laini hata unaona dirisha ndani yake. Alipoanza kukata mifuo ya lile tumbo la guruneti nilisahau kabisa habari ya mume. Kila mfuo pembe kali, kina kimoja, nafasi sawa. Ningeulizwa saa ile ningetoa nyota tano na maandazi juu.

Ndipo akaingia bwana wa mashua. Shafti ya propela begani, jasho, sauti juu. Mashua imekaa mchangani, shafti imepinda, wavuvi wanamngoja.

Mzee akainuka kwenye kiti chake, jambo ambalo kwangu hakulifanya.

"Toa hicho," akamwambia kijana.

"Mzee, imebaki mifuo kidogo tu. Nikiitoa haitarudi katikati sawasawa."

"Nimekwambia toa. Mteja amefika."

Mimi nimesimama pale pale, mkoba begani. Nikauliza, "Na mimi mzee, ni nani?"

"Wewe mwanangu ngoja. Mwenzio mashua yake imelala. Hicho cha mumeo hakina haraka."

Cha mumeo! Tena!

Na kijana akakitoa. Akakiweka mezani kwa adabu, nitamshuhudia hilo, lakini mzee akaja akakisukuma kwa kiwiko apate pa kuweka shafti, kikabingirika kwenye grisi na vumbi la chuma.

Nieleze kidogo kwa ambao hawajawahi kusimama mbele ya mashine ya kukereza, ili mjue sikasirikii upuuzi. Kinachoshika chuma na kukizungusha ni chaki. Chaki ya meno matatu hujifunga meno yote kwa pamoja. Ni ya haraka, ila ukitoa chuma na kukirudisha, hakirudi palepale. Kinakaa upande kwa kiasi cha unywele, na kwenye kitu cha duara unywele huo utauona. Chaki ya meno manne, kila jino linakazwa peke yake. Fundi anaweka saa ya mshale, kipimo cha kuonyesha chuma kinavyoyumba, igusane na chuma, anazungusha kwa mkono, anakaza huku, analegeza kule, mpaka mshale utulie. Inakula muda, lakini chuma kinarudi katikati.

Basi sikilizeni. Kwa shafti ya bwana yule, chaki ya meno manne ilitolewa. Saa ya mshale nayo ikatoka kwenye kijisanduku chake, imeviringishwa kitambaa safi. Kijana akaipima shafti ile kwa subira. Kumbe ipo! Kumbe vifaa wanavyo na kazi wanaijua! Mimi nilidhani labda hawana, nikawa naanza kuwahurumia. Shafti ikaisha, bwana akalipa, akaondoka akiwashukuru. Kisha mzee, bila hata kugeuza shingo: "Rudisha meno matatu, umalizie hiyo ya dada, twataka kufunga."

Kijana alinitazama. Sikumlaumu, mkate wake uko mkononi mwa mzee. Akafunga, akakata, na yakatokea yale yale aliyoyasema. Mifuo mipya upande mmoja imezama, upande wa pili imekwaruza tu. Ukiuzungusha mpini kwenye vidole unauona unayumba. Na pale palipokwisha kung'arishwa kuna alama tatu za meno, zimeuma alimini mpaka ndani. Kipande cha kopo la soda kikiwekwa kati ya jino na chuma, alama hizo hazitokei. Kopo la soda, jamani! Yamejaa kwenye mtaro nje ya lango lao.

Nikamwonyesha mzee. Akaukodolea macho.

"Nani ataona?"

"Mimi nitaona."

"Kwani chafanya kazi gani hiki?"

"Hakifanyi kazi, mzee. Ni cha kutazama."

"Basi kama hakifanyi kazi, hakijaharibika."

Hapo niliishiwa na maneno, na wanaonijua watawaambia si kawaida yangu. Kama kitu kazi yake ni kutazamwa, kasoro ya kuonekana ndiyo kasoro yenyewe! Mashua ingeenda baharini hata kama shafti ina rangi mbaya. Mpini wangu hauna baharini pa kwenda.

Nitasema haki, nisije nikaambiwa nina roho mbaya. Mashua ni riziki ya watu, na nimekulia Likoni, najua maana ya wavuvi kushinda pwani bila kutoka. Lau mzee angeniambia, mwanangu niwie radhi, huyu ana shida, nipishe kidogo, ningempisha na ningemnunulia kahawa nyingine. Basi tuseme alikuwa na sababu.

Lakini sivyo! Yule bwana mwenyewe alisema, akiwa anasubiri, kwamba maji yamekupwa na mashua haitoki mpaka yajae jioni. Nilimsikia, na mzee alimsikia. Mifuo yangu iliyobaki haikuwa kazi ya hata robo saa. Kwa hiyo sababu haikuwepo. Kilichokuwepo ni mwanamume mwenye sauti kubwa na mwanamke mwenye mchoro.

Nikaondoka nao vile vile, umefungwa kanga ndani ya mkoba. Kwenye ukaguzi wa feri nikakumbuka nimebeba kitu chenye tumbo la guruneti. Jasho! Askari akakitoa, akakigeuza, akauliza hii ni nini. Nikamwonyesha kitako, mkono wa mfereji, nikasema ni kifaa cha mapambo. Akakizungusha mkononi, akanirudishia. "Hapa katikati kimeenda kombo," akasema. "Mwambie fundi akurekebishie."

Nani ataona! Askari wa feri ameona, tena foleni imejaa, watu wanasukumana.

Niliporudi Shimanzi nilikuwa nimejiandaa kwa vita, lakini mzee hakuwepo, alikuwa amekwenda mazikoni. Kijana akaupokea mpini bila maneno mengi. Akafunga chaki ya meno manne. Akaokota kopo nje, akalikata kwa mkasi vipande vinne, akaweka chini ya kila jino. Saa ya mshale. Alikaa nayo muda, anazungusha, anagonga kidogo kwa nyundo ya plastiki, anatazama, anazungusha tena, mpaka mshale ukawa hautingishiki kabisa. Ndipo akapunguza uso wote kidogo, chini ya nusu milimita, alama za meno zikafutika, mifuo ikarudi kina kimoja. Mpini sasa ni mwembamba kidogo kuliko mchoro, na wale wenye kupima nakala za wenzao kwa venia, kile kipimo cha unene, wataniumbua. Waniumbue. Shingo ya shaba akaikata mwisho, kama alivyoahidi, na ilipofika unene wa kidole alikuwa anavuta kisu taratibu huku amezuia pumzi, na mimi nimezuia yangu. Haikutetema. Nimeiacha bila vanishi, hewa ya bahari imeshaanza kuitia giza na imependeza kuliko nilivyotarajia.

Ukinikamata na furaha hiyo, nakuambia nenda, kazi yao ni ya hali ya juu, nyota nne.

Kisha mzee akarudi. Nikatarajia hata kama si samahani, basi kimya. Akauchukua mpini mezani, akaupima uzito mkononi, akataja bei. Ilizidi tuliyokubaliana kwa shilingi 1,500. Ya nini? "Ya kazi ya pili." Kazi ya pili, yaani ya kurekebisha alichoharibu yeye! Nikageuka kumtazama kijana, kijana akageuka kutazama mashine. Nililipa, kwa sababu mpini ulikuwa mkononi mwa mzee na hakuwa na dalili ya kuuachia. Kijana nilimpa chake pembeni, nje ya lango.

Nikauliza shaba iliyobaki. Kilibaki kipande kizuri, cha kutosha kukereza vipete vya mpini mwingine. Mzee akasema mabaki ni ya karakana, ndio utaratibu. Utaratibu gani, umeandikwa wapi? Shaba niliinunua mimi, kwa kilo, kwa risiti.

Basi nyota ni moja. Yule kijana angekuwa na karakana yake ningempa tano, na mwenye kujua kama ana mpango wa kufungua aniambie, kazi nyingine ninayo. Ukilazimika kwenda pale, nenda asubuhi kabla boti hazijaleta matatizo yao, ulizia chaki ya meno manne kwa jina, simama karibu na mashine, na usikubali kazi yako ishuke mpaka iishe.

Na mzee, kama kuna mjukuu anakusomea haya: ile shaba nakuja kuichukua Jumamosi.