Vivino na bei ya waini yako: nimeijaribu Iringa

Habari zenu wapendwa, karibuni. Leo niko Iringa, Gangilonga, na hapa mezani kuna chupa za waini ambazo mwenyewe amezikusanya miaka mingi, sasa anataka kuziuza mtandaoni. Anachouliza ni kimoja tu: nizitie bei gani? Basi tuijaribu Vivino, programu iliyoanzia Denmark mwaka 2010.

Unapiga picha ya lebo, inakuletea jina, nyota za wanywaji na bei. Haraka, wala haina mambo mengi. Lakini hii ni Bordeaux, waini ya Ufaransa, ya zabibu za mwaka 2005. Hakikisha mwaka kwanza, bei baadaye, maana 2005 zabibu za Bordeaux zilikubali kwelikweli, na chapa hiyohiyo ya 2004 kwa kawaida ni rahisi zaidi. Mwaka ukikosewa, umeliwa.

Sasa kuna kitu ambacho picha ya lebo haiwezi kukwambia. Naisogeza kwenye taa... mnaona? Waini imeshuka mpaka kwenye mabega ya chupa. Ikitunzwa vizuri, kwa umri huu ingekuwa bado shingoni. Hii ilisimamishwa kabatini, kizibo kikakauka, hewa ikapenya. Watu hudhani baridi ya huku kwetu inatosha. Inasaidia, ndiyo, ila chupa ya kizibo hulazwa. (Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ndio hauna habari hizo, ukichelewa tu umeshakuwa mkali.) Mnunuzi anayejua atakuomba picha ya hapa waini ilipofikia, na risiti ya ulikonunua. Tangu Rudy Kurniawan afungwe miaka 10 Marekani mwaka 2014 kwa kuuza waini ghali za kughushi, wenye hela zao hawaamini lebo peke yake.

Kwa bei mimi naona tovuti ya Wine-Searcher ni bora, inakuwekea maduka ya nchi nyingi pamoja. Ila hiyo ni bei anayoitaka mwenye duka. Wewe wa chupa mojamoja utapata chini ya hapo.

Halafu kabla hujarusha tangazo kwenye magrupu ya WhatsApp: kuuza kilevi kunataka leseni, na chupa iliyokuja kwenye begi kutoka Ulaya haina stempu ya kodi ya TRA. Ulizia kwanza.

Kutambua chupa, Vivino naipa nyota nne. Kupanga bei ya kuuzia, mbili. Na hii Bordeaux nimemshauri mwenyewe asiihangaikie, aifungue Jumapili na mbuzi choma, ikiwa imechacha aimwage.