Metallica 72 Seasons: mziki umeiva, mkasi ndo umekosekana

72 Seasons, albamu ya Metallica, ile bendi ya metali ya Marekani, ina dakika 77. Naanza na hilo maana ndo ugomvi wangu mkubwa nayo, mengine yote ntakayosema humu ni ya mtu anayewapenda hawa wazee toka 1992 na hajawahi kuwaacha, hata ule mwaka 2003 walipotuletea albamu ya St. Anger na zile dramu zinazolia kama sufuria tupu.

Nieleze kwanza nilivyowajua maana inahusu sauti. Mjomba wangu alikuwa baharia, akirudi Tanga anakuja na begi la kaseti, nyingi reggae na soukous, ila safari hiyo meli ilitia nanga Rotterdam na mshkaji wake mmoja akamrekodia ile albamu yao nyeusi ya 1991. Kaseti ya kurekodi, haina kava, haina majina ya nyimbo, sisi tukawa tunaziita kwa namba tu, ya kwanza upande A, ya tatu upande B, mpaka leo kuna moja nikiisikia naiita ya pili upande B. Redio yetu ilikuwa inakula betri sita kubwa, na betri zikichoka tunazianika juani juu ya bati, jioni zinakuwa zimepata uhai kidogo, redio inaongea lakini kaseti inazunguka polepole, kwahiyo gitaa linashuka, linakuwa zito, na James Hetfield, muimbaji wao, ambaye kipindi kile alikuwa kijana wa miaka 28 anasikika kama mzee wa 60. Mimi niliwajua hivo. Siku naisikia albamu ile ile kwenye CD, miaka mingi baadae, nikamwambia mwenye CD kwamba hii wameiharakisha, sio yenyewe. Tulibishana sana.

Kumbukeni hiyo habari ya betri, ntairudia.

Sasa kuna watu ukitaja Metallica tu wanakwambia wale walikufa 1991, walipopunguza kasi ili wapigwe redioni. Nawaheshimu lakini sikubaliani nao kabisa, kwasababu hawa jamaa hawajawahi kukaa na sauti moja kwa albamu mbili mfululizo. Kill 'Em All ya 1983 ni vijana wenye hasira na haraka, basi. Mwaka mmoja tu baadae, Ride the Lightning, wakaingiza wimbo wa taratibu wenye gitaa kavu na mashabiki wa mwanzo wakaanza kulalamika hapo hapo kwamba wamesaliti, yaani malalamiko yana umri karibu sawa na bendi. 1986 ikaja Master of Puppets, na Septemba ya mwaka huo Cliff Burton, mpiga besi wao, akafa kwenye ajali ya basi Sweden akiwa na miaka 24, na huyo ndo alikuwa na elimu ya mziki kuliko wenzake, ndo aliyewafundisha habari za sauti kupishana na kukutana tena. Albamu iliyofuata, ya 1988, besi ya Jason Newsted aliyechukua nafasi ya Cliff haisikiki. Sio kwamba iko chini, haisikiki. Mi nimejaribu spika za kila aina. Ni albamu ya watu waliofiwa na hawajalia, ukiisikiliza hivo inaeleweka, kavu mpaka inakwaruza.

Ndo hapo akaja Bob Rock, na hapa naomba nikae kidogo maana watu wanamtukana bure. Bob Rock ni prodyuza aliyekaa nao studio Los Angeles kuanzia Oktoba 1990 mpaka Juni 1991, na kazi yake kubwa ilikuwa kusema hapana. Aliwaambia wapige pamoja chumba kimoja badala ya kila mtu kurekodi kivyake, besi ikarudi, na mashairi akayarudisha kama mwalimu anavyorudisha daftari. Enter Sandman mwanzoni Hetfield aliiandikia maneno kuhusu watoto wachanga wanaofia kitandani usingizini, Rock na Lars Ulrich, mpiga dramu wao, wakamwambia unaweza kuandika kizuri zaidi ya hiki, akaandika upya, na ndo ule wimbo ambao hata asiyejua metali ni nini anaujua ule mwanzo wake. Albamu ikauza zaidi ya kopi milioni 30 duniani. Nyimbo zake nyingi ni dakika tano tano hivi. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia ile albamu ina rifu chache, yaani vile vipande vya gitaa vinavyojirudia, rifu zipo ila kila moja imepewa nafasi yake na ikimaliza kazi inaondoka.

Huo ndo mkasi ninaousema.

Miaka ya albamu za Load na ReLoad siichambui sana hapa, walikata nywele watu wakalia kuliko walivyolia kwenye nyimbo zenyewe, ila mle ndani Hetfield ndo alianza kuimba kweli. Alikuwa ameshaumia koo wakati wa ile albamu nyeusi kwa kufoka, akaenda kwa mwalimu wa sauti, na toka katikati ya miaka ya 90 wakipiga laivu magitaa yote wanayashusha nusu sauti ili koo lake lipumue. Sasa rudini kwenye redio yangu ya betri zilizochoka. Ile sauti nzito iliyoshuka niliyokua nayo mimi kule Tanga ndo sauti wanayopiga nayo jukwaani mpaka leo. Kila nikiangalia video ya shoo yao mwili unanisisimka, na wenzangu waliokulia CD wananiambia laivu imepoa, kwangu mimi laivu ndo yenyewe.

Haya 72 Seasons sasa. Ilitoka tarehe 14 Aprili 2023, nyimbo 12, kava la njano lenye kitanda cha mtoto kilichoungua. Jina maana yake ni misimu 72, yaani miaka 18 ya kwanza ya mtu, misimu minne kila mwaka, ile miaka ambayo wazazi na dini na mtaa vinakutengeneza kabla hujajua kwamba unatengenezwa. Na kwa Hetfield hili sio jambo la kutafuta mada ya kuandikia. Wazazi wake walikuwa waumini wa dhehebu la Christian Science ambalo linategemea maombi badala ya hospitali na dawa, mama yake akaumwa kansa, hakutibiwa, akafa James akiwa na miaka 16. Alivyoiandika albamu hii alikuwa anakaribia 60 na amepita kwenye kituo cha kutibu ulevi mara mbili, 2001 na 2019. Kwahiyo nilivyoona lile kava nikakumbuka yale maneno ya Enter Sandman yaliyokatwa, mtoto na kitanda chake. Kile alichoambiwa 1991 kwamba bado hajui kukisema, miaka zaidi ya 30 baadae amekirudia, na safari hii kakisema akijua anachokisema. Hii kwangu ndo sababu kubwa ya kuisikiliza, kuliko kasi, kuliko solo.

Upande wa sauti yenyewe, miksi, hii ndo albamu yao iliyorekodiwa vizuri zaidi kwa masikio yangu toka ile nyeusi. Mliokuwepo 2008 mnakumbuka albamu ya Death Magnetic, nyimbo nzuri mno halafu sauti imesukumwa juu mpaka inapasuka, maelfu ya mashabiki walisaini waraka kuomba irekebishwe, na aibu ni kwamba zile zile nyimbo kwenye gemu la Guitar Hero zilisikika safi kuliko kwenye CD tuliyoilipia. Humu hakuna hiyo kitu. Prodyuza Greg Fidelman ameweka kila chombo mahali pake. Besi ya Robert Trujillo, mpiga besi wao wa sasa, ina mwili, unavisikia vidole, na wimbo wa mwisho kuna sehemu katikati kila mtu ananyamaza inabaki besi inatembea peke yake, alafu gitaa linaingia kwa adabu kama mtu anayebisha hodi. Nikasema haya, miaka 35 baadae deni la besi limelipwa.

Mkono wa kulia wa Hetfield haujazeeka, na nataka mtu aliyeanza kumsikia jana aelewe hili. Yeye nyuzi mara nyingi anazipiga kwa kwenda chini tu, chini chini chini, wakati wengine kwenye kasi hiyo wanaenda chini na juu ili mkono upumzike. Kwenda chini tu kunatoa sauti nzito iliyonyooka, kila pigo sawa na lenzake, kama mtu anayetwanga kinu na hapotezi mchi. Sikiliza Lux Æterna, dakika tatu na nusu hazifiki, ndani yake kuna 1983 nzima, nikaisikia mara ya kwanza niko kwenye mwendokasi natoka Kariakoo jioni, watu wamebanana, nikajikuta mguu unagonga sakafu na mama aliyekaa mbele yangu ananiangalia.

Kirk Hammett, mpiga solo wao, hapo nina maneno. Huyu ndo aliyepoteza simu yenye rifu zake 250 kabla ya albamu ya 2016, na matokeo yake ile albamu karibu yote ikaandikwa bila yeye, nilimhurumia sana. Safari hii amerudi kwenye uandishi na inasikika, rifu zina rangi zaidi. Ila solo anazipiga kama zinavyomjia tu, na ile pedali yake ya wah, ile inayofanya gitaa lilie kama mtoto anayetaka kubebwa, anaikanyaga kila wimbo. Ukisikiliza nyimbo mbili ni raha, ukisikiliza 12 unaanza kujua solo itaanza vipi kabla haijaanza. Kwenye albamu za zamani kuna solo zake naweza kukuimbia kwa mdomo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, humu siwezi hata moja, na nimeisikiliza albamu hii zaidi ya mara hamsini.

Lars nae, watu wanapenda kumsema lakini mi humu sina kesi nae, anapiga kile ambacho wimbo unahitaji na snea yake, ile dramu yenye mlio mkali, ni snea.

Sasa huo mkasi. Wimbo wa jina la albamu una karibu dakika nane na ungekuwa wa ajabu ukiwa na dakika tano na nusu. Rifu inaingia, nzuri, inarudi, nzuri, inarudi tena, haya, alafu kunakuja daraja, yaani kipande tofauti cha katikati, alafu rifu ile ile inarudi kama haikuaga. Sleepwalk My Life Away hivyo hivyo, You Must Burn! hivyo hivyo, na katikati ya albamu ukiwa kwenye kazi zako unaweza usijue wimbo umebadilika. Hakuna wimbo mbaya hata mmoja, nawaapia, tatizo ni kwamba hakuna mtu chumbani wa kusema hili tulikate. Prodyuza sasa hivi ni Fidelman pamoja na Hetfield na Lars wenyewe, na nani atamwambia Lars Ulrich kwenye studio yake kwamba hii rifu imeshasikika inatosha? Na nyie mnajua kwenye nyumba yoyote ambayo mzee haambiwi kitu inavyokuwa. Toa nyimbo tatu, punguza dakika moja moja kwenye tano kati ya zilizobaki, una albamu ya dakika 50 hivi ambayo ningeiweka karibu na ile ya 1991 bila kusita.

Halafu kuna Inamorata, wimbo wa mwisho, dakika 11 na sekunde 10, mrefu kuliko wote waliowahi kuandika wenyewe, na huo usiguswe hata sekunde moja. Mzito, wa taratibu, Hetfield anaiimbia huzuni yake kama mwanamke anayempenda na anayejua lazima amuache. Hapo urefu ni wa lazima kwasababu mtu hatoki kwenye kitu kama hicho kwa dakika nne.

Mwaka jana nilienda Tanga kumuona mjomba, miguu inamsumbua sasa, anashinda barazani. Nikamuwekea hedifoni kichwani nikampigia Inamorata bila kumwambia ni kina nani. Akafumba macho. Dakika ya kwanza akaanza kutingisha kichwa, ilipofika ile sehemu ya besi peke yake akainua kidole kama mtu anayesema subiri, akakaa nacho juu mpaka gitaa lilivyorudi. Wimbo ulivyoisha akavua hedifoni, akaniuliza, "Ni wale wa Rotterdam?" Nikamwambia ndo wao, mjomba. Akasema, "Huyu zamani alikuwa anafoka, mjomba. Sasa anaimba."

Alama zangu 7 na nusu kwa 10. Kama muda wako ni mdogo anza na Lux Æterna, ruka uende Shadows Follow, Too Far Gone? na Room of Mirrors, alafu Inamorata uisikilize usiku, hedifoni, taa zimezimwa.