WarpSPEE3D: printa ya vipuri vya chuma inayofaa kambini, mradi kuwe na tanuru kando yake

Mtambo huu wa kampuni ya SPEE3D ya Australia huchapa vipuri vya chuma, yaani huvijenga tabaka kwa tabaka, lakini hauyeyushi chuma. Hurusha unga wa alumini au shaba kwa hewa iliyogandamizwa, kwa kasi inayofikia mara 3 ya sauti, chembe zikagongana na kushikana. Hauhitaji leza wala gesi ghali, na hapo ndipo unapolifaa jeshi.

Jeshi la Australia lilipoujaribu porini Northern Territory, kifuniko cha beringi ya gurudumu la deraya (gari la kivita) M113, chenye kilo 2, kilichapwa kwa dakika 29 kwa takriban dola 100. Kwa deraya ya miaka ya 1960, ambayo vipuri vyake ni adimu, hilo ni jambo kubwa sana.

Lakini dakika 29 ni za kuchapa tu. Kipuri hutoka na uso wa kukwaruza, hivyo acha unene wa ziada wa kukereza. Kisipopita tanuruni kwanza, hubaki kigumu lakini chepesi kuvunjika. Unga nao uwe mkavu: ukipata unyevu hushikana na kuziba njia, na vumbi la alumini hulipuka, kwa hiyo cheche zikae mbali.

Kwa vifuniko na mabano, tunaupendekeza. Gia zinazobeba mzigo mzito, agizeni kiwandani.