Mafunzo ya vibali vya mitambo ya umeme wa gesi, Njiro, Arusha: siku moja iliyolipa ada ya siku tatu

Nianze na siku ya pili, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nisijutie shilingi 450,000 nilizolipa kutoka mfukoni mwangu. Mafunzo yalikuwa ya siku tatu, katika ukumbi wa hoteli moja maeneo ya Njiro, na yalihusu jambo moja tu: namna ya kuomba na kupata idhini ya kujenga mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi asilia. Mimi ni mhandisi wa umeme katika kiwanda cha kusindika nafaka mjini Moshi. Nazijua jenereta na ankara za umeme, lakini sikuwahi kuzijua karatasi zinazotangulia kabla msingi haujachimbwa. Waandaaji sitawataja kwa jina, kwani baadhi ya nitakayoyasema si ya kupendeza na sijawapa nafasi ya kujibu.

Mwezeshaji wa siku hiyo alikuwa mama mmoja mtaalamu wa mazingira, mwenye sauti ya chini na subira ya pekee. Hakusoma slaidi. Alitugawia ramani ya eneo la kubuni katika tambarare za Hai, chini ya barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha, akatuambia kuwa mwekezaji anataka kujenga hapo mtambo wa megawati 50, kisha akatutaka tuseme tungeanzia wapi. Wengi wetu tuliikimbilia leseni. Akaturudisha kwa upole kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotaka Tathmini ya Athari kwa Mazingira ifanyike kabla mradi haujaanza na hata kabla haujagharimiwa. Neno hilo la kugharimia, ambalo nilikuwa nimelisoma mara kadhaa bila kulitilia maanani, linaeleza kwa nini mkopeshaji makini huulizia cheti cha mazingira mapema kuliko mwekezaji anavyotarajia.

Kutoka hapo alitupitisha njia yote: mradi unasajiliwa NEMC, baraza la taifa la mazingira, na kuchujwa ili ijulikane uko kundi gani, mtaalamu aliyesajiliwa anaandaa hadidu za rejea, wananchi na taasisi wanasikilizwa, ripoti inaandikwa, kamati ya wataalamu inaipitia, na mwishoni mapendekezo yanafika kwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira, ambaye ndiye mtoa cheti. Ukisoma hatua hizi peke yako zinachosha; kwake zilikuwa na uhai, kwa sababu kila hatua aliifungamanisha na kitu cha kushikika. Alieleza kuwa gesi asilia haitoi masizi na salfa kama dizeli au makaa ya mawe, lakini joto kali la tabo, ile mashine inayozunguka ili kuzalisha umeme, huunda oksidi za naitrojeni zinazochafua hewa, na kwamba metheni ikivuja kabla ya kuchomwa huongeza joto la dunia kuliko kiasi kilekile cha hewa ukaa. Kwa hiyo ripoti inayosema tu kwamba gesi ni nishati safi, akasema, inastahili kurudishwa kwa aliyeiandika.

Suala la maji ndilo lililonigusa zaidi. Mtambo ukiwa wa aina inayotumia joto la moshi wa tabo kuchemshia maji, ili mvuke uzungushe tabo ya pili, unapata umeme mwingi zaidi kwa gesi ileile, lakini unahitaji maji. Katika tambarare za Hai hilo lina maana ya kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye ofisi zake pale Moshi, na maji ya bonde hilo yana wenyewe tayari: mashamba ya miwa ya TPC, wakulima wa mpunga wa Moshi chini, na kisha bwawa la Nyumba ya Mungu pamoja na mitambo ya umeme wa maji ya Hale na Pangani iliyo mbele zaidi. Hapo niliona jambo ambalo sikuwahi kulifikiria, kwamba mtambo wa gesi uliowekwa mahali pasipofaa unaweza kunyang'anya maji mtambo mwingine wa umeme.

Mchana tuliigiza mkutano wa hadhara wa kijiji. Mzee mmoja, ambaye maisha yake yote amekuwa mhasibu, alipewa nafasi ya bibi kizee, akasimama huku ameshika kiuno na kumuuliza kijana aliyejifanya mwekezaji: "Mwanangu, hiyo gesi yenyewe itafika hapa kwa njia gani?" Ukumbi ulicheka, kisha ukanyamaza, maana hakuna aliyekuwa na jibu. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 huko Kilwa, na ile ya Mnazi Bay mkoani Mtwara husafirishwa kwa mabomba hadi Dar es Salaam, na hayo hayajafika kwetu kaskazini. Mitambo ya gesi ya Kinyerezi I, iliyoanza na megawati 150, na Kinyerezi II yenye takriban 240 haikujengwa Kinyerezi, Dar es Salaam, kwa bahati. Imejengwa mahali gesi inapofika. Mwezeshaji alikiri kwa uungwana kuwa swali la bibi lilipaswa kuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa maombi yoyote ya aina hii.

Hili ndilo lalamiko langu kubwa kwa waandaaji. Katika siku tatu hapakuwa na hata saa moja ya kuzungumzia upatikanaji wa gesi. Mafunzo yote yalipangwa kana kwamba vibali ni ngazi, unapanda kipandio kimoja baada ya kingine, wakati kwa hakika vinafanana zaidi na uzi uliosokotana. Muuzaji wa gesi anataka kujua nani atanunua umeme. Mnunuzi wa umeme anataka kujua bei. Bei haijulikani mpaka gharama ya gesi na ya kuifikisha ijulikane. Na mwenye fedha anawasubiri wote. Mtu akitoka Njiro na orodha nzuri ya fomu, lakini hajafundishwa ni uzi upi avute kwanza, atalipa wataalamu waandike ripoti nono ya mtambo usio na gesi ya kuuendesha. Na hoja ya kuwa na mtambo kaskazini si ya kudharauliwa, kwa sababu umeme wetu mwingi husafiri mbali kutufikia na sehemu yake hupotea njiani. Hiyo ingekuwa mada nzuri ya mjadala, tena Arusha ndipo pa kuijadili.

Siku ya kwanza ilikuwa ya mwanasheria. Alisoma slaidi neno kwa neno, ila slaidi zenyewe zilikuwa zimeandaliwa vizuri. Nilielewa kwa mara ya kwanza mgawanyo uliowekwa na Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, kwamba PURA, mamlaka ya petroli, husimamia utafutaji na uchimbaji, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, husimamia gesi ikishatoka huko mpaka kwa mtumiaji. Nilielewa pia kuwa leseni ya kuzalisha umeme hutolewa na EWURA chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, kwamba mtambo usiofika megawati 1 hauhitaji leseni hiyo, kwamba maombi hutangazwa ili wenye maoni au pingamizi wajitokeze, na kwamba asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Kiwango cha megawati 1 kilizua maswali mengi kutoka kwa watu wa viwanda na hoteli za kitalii, nami nikiwa mmoja wao, lakini mwezeshaji aliyakatiza ili awahi sehemu ya Marekani, ambako tume za majimbo hushughulikia mitambo na tume ya shirikisho hushughulikia mabomba yanayovuka majimbo. Ilikuwa elimu, sikatai. Sikuilipia, hata hivyo.

Kuhusu siku ya tatu sina mengi. Mtoa mada wa mikataba ya kuuziana umeme alizungumza kwa njia ya mtandao na sauti yake ilikuwa ikikatika kila baada ya dakika chache. Saa tano tukapewa chai, na saa sita vyeti.

Kijitabu tulichopewa kinahitaji onyo la pekee. Sura ya mazingira inanukuu kanuni za tathmini za mwaka 2005 bila marekebisho ya mwaka 2018, yaliyoleta makundi ya A, B1, B2 na lile maalumu. Mama wa siku ya pili alifundisha makundi hayo kwa usahihi, hivyo aliyekuwepo ukumbini hakupotoka, lakini atakayeazimwa kijitabu hicho na mwenzake atapotoka. Niliwaandikia waandaaji siku iliyofuata, wakanijibu kwa adabu kwamba watatuma kurasa zilizosahihishwa. Mpaka ninapoandika haya, wiki ya tano, sijazipata.

Ukumbi ulikuwa safi, viti vizuri, na mtori wa asubuhi ulikuwa wa kweli, mzito, wenye nyama ya kutosha. Kwa anayetoka Moshi, ahesabu nauli na malazi juu ya ada, kwani havimo. Mwanasheria kijana, afisa wa halmashauri au mhandisi ambaye hajawahi kushika ripoti ya mazingira atapata thamani ya fedha yake. Mwenye mradi halisi mezani ningemshauri awaombe waandaaji wamuuzie siku ya pili peke yake, nao waliniambia hilo linawezekana kwa shilingi 180,000.