Hazina ya ramani ya David Rumsey, iliyotazamwa kutoka Moshi

Waongozaji wenzangu, na wote mnaopenda ramani: kuona jinsi watu walivyoichora dunia kabla ya satelaiti hakuhitaji viza. David Rumsey Map Collection iko wazi kwenye intaneti, bure. Mmarekani huyo alikusanya ramani za kale kwa miaka mingi, akaikabidhi hazina yake kwa Chuo Kikuu cha Stanford, na kituo chenye jina lake kikafunguliwa huko mwaka 2016. Zilizokwisha kuwekwa mtandaoni zimepita 100,000. Mimi napandisha wageni Kilimanjaro, naishi Rau, na masika kazi ikipungua ndipo ninapozama humo.

Ninachokisifia kwanza ni ubora wa picha. Ukiivuta ramani unaona mstari mmoja mmoja wa mchongaji, mikunjo ya karatasi, rangi ya maji ilipovuka mpaka kidogo. Tazama ile ya Urbano Monte wa Milano, ya mwaka 1587. Aliichora dunia kwenye kurasa 60 akikusudia ziunganishwe ziwe duara moja kubwa, katikati iwe ncha ya kaskazini. Kurasa zilibaki kitabuni zaidi ya miaka 400, mpaka watu wa Rumsey walipoziunganisha kwa kompyuta. Jioni nzima ilinipotelea hapo, na sijutii.

Lakini ramani ninayoirudia ni ya Mfaransa d'Anville, Afrika ya mwaka 1749. Ramani za Waholanzi za karne iliyotangulia zilijaza tembo na maziwa ya kubuni katikati ya bara. D'Anville alifuta. Pasipokuwa na habari ya kuaminika, akaacha karatasi nyeupe. Pwani utaziona Kilwa, Mombasa na Malindi, kisha ukielekea bara karibu kote ni weupe. Namheshimu sana kwa hilo, maana kukubali kwamba hujui mbele ya watu waliozoea ramani zilizojaa kunataka moyo.

Niliwaonyesha vijana ninaowafundisha kazi. Mmoja wao, wa Kibosho, akauliza, "Kaka, sasa sisi tulikuwa wapi hapa?" Nikamwekea kidole kwenye ule weupe. Wachagga walikuwa hapo hapo, wana migomba, wanachimba mifongo, yaani mifereji, ya kuleta maji vihambani, mashamba ya nyumbani, na baadaye misafara ya Waswahili ikawa inapanda kutoka pwani kutafuta pembe. Mlima ulijulikana vizuri sana. Waliokuwa hawaujui ni wachoraji.

Hapo ndipo nilipowasimulia habari za Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, na vitabu vinampa sifa Rebmann. Aliyemwongoza kutoka pwani hadi Uchagga ni Bwana Kheri, Mswahili wa misafara, aliyekuwa ameshaijua njia. Huko London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alibisha kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Ubishi ukaendelea hadi safari za Mjerumani von der Decken za 1861 na 1862, alipopanda na wapimaji. Jina la Bwana Kheri sijalikuta kwenye ramani hata moja. Vilele na barafu zetu zilipewa majina ya wageni wengi, na kila ninapopita Stella Point, ukingoni mwa kreta ya Kibo, na kundi langu huwa namtaja Bwana Kheri kwanza.

Kutafuta kunataka ujanja. Usitegemee tahajia ya leo. Kwenye atlasi za Kijerumani za Stieler andiko ni "Kilimandscharo", kwa hiyo ni rahisi zaidi kutafuta kwa jina la mchoraji, au kwa "Africa" pamoja na mwaka. Maelezo yote ni ya Kiingereza. Kijana asiyekisoma vizuri akae na mwenzake. Kuna pia chombo cha kulaza ramani ya kale juu ya ya sasa, halafu unapunguza wino wa ile ya juu taratibu. Kwa mtu anayezijua njia kwa miguu, raha yake haielezeki: unaona mto umekaa mahali pake, kilima kimesogezwa mashariki, na unajua kabisa ni bonde gani lililomchanganya mpimaji.

Bando lako lihesabu. Faili za ubora wa juu ni nzito, nami huwa nazipakua usiku sana, mtandao ukiwa umetulia. Kwa simu utatazama, ila kwa kompyuta ndipo utakapofaidi.

Ile ya d'Anville niliipeleka kwenye duka la kuchapisha mjini, kipande cha Afrika Mashariki tu, karatasi ya A3. Mara ya kwanza ilitoka nyeusi mno, maandishi ya pwani yakafifia. Mwambie fundi aongeze mwanga kabla hajabonyeza. Sasa imebandikwa ukutani tunapofanyia mafunzo. Ruhusa inayotolewa ni ya matumizi yasiyo ya biashara, kwa hiyo anayewaza kuzichapa awauzie watalii mjini aliache wazo hilo.