Kipima pumzi kwa mkimbiaji mwenye pumu na mzio: tathmini ya msimu mmoja wa mazoezi Moshi

Kifaa ninachokitathmini hapa ni kipima pumzi cha mkono, kile ambacho wauguzi wa kliniki za pumu hukiita piki-flo. Ni bomba la plastiki linaloenea mkononi, lenye mdomo wa kupulizia upande mmoja na mshale mdogo mwekundu unaoteleza kwenye mfereji ulioandikwa namba. Hakina betri, hakiunganishwi na simu, na bei yake ni ndogo kuliko jozi nzuri ya raba za kukimbilia. Nimekitumia msimu mzima wa kujiandaa kwa kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, mbio zinazofanyika Moshi kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na rai yangu naitoa mapema: kwa mkimbiaji wa masafa marefu mwenye pumu, sijaona kifaa kingine cha mazoezi chenye thamani kiasi hiki, hata zile saa za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo.

Sababu ni kwamba pumu inayoamshwa na mbio humdanganya mwenye nayo. Mtu aliyekaa ametulia hupitisha kwenye mapafu lita sita hadi nane za hewa kwa dakika, lakini akikimbia kwa kasi kiasi hicho huweza kuzidi lita mia moja. Pua haiwezi kupitisha hewa yote hiyo, kwa hiyo mdomo hufunguka na hewa kavu yenye vumbi huingia moja kwa moja bila kuchujwa wala kutiwa unyevu. Utando wa njia za hewa hukauka, seli zake humwaga kemikali zinazoifanya misuli iliyozizunguka njia hizo ijikaze, na kifua hubana, mara nyingi dakika chache baada ya mtu kusimama. Mkimbiaji hufika nyumbani, huketi barazani kufungua kamba za raba, ndipo kikohozi kinapoanza, naye husema ni uchovu au ni ule mwinuko wa barabara ya Mweka. Zaidi ya hayo, njia za hewa huweza kusinyaa kidogo kidogo kwa siku kadhaa kabla mwenyewe hajahisi lolote, kwa sababu mwili huzoea. Kipima pumzi huiona hali hiyo mapema.

Historia yake ni fupi. Mwingereza Martin Wright alikitambulisha kifaa cha kwanza cha aina hii kwa madaktari mwaka 1959, kikiwa kikubwa na cha duara, na toleo dogo la plastiki linalobebeka likafuata katika miaka ya 1970. Utendaji wake ni wa kimekanika kabisa: pumzi husukuma pistoni dhidi ya springi, pistoni husukuma mshale, na mshale hubaki pale ulipofikishwa.

Kukitumia hujifunzwa kwa dakika chache, lakini kunataka nidhamu. Unasimama wima, unarudisha mshale chini kabisa, unavuta pumzi mpaka kifua kijae, unafumba midomo kuuzunguka mdomo wa bomba bila kuacha upenyo, kisha unapuliza pigo moja fupi kwa nguvu zako zote. Unafanya hivyo mara tatu na kuandika namba iliyo kubwa kuliko zote. Hapa hatutafuti wastani. Vidole vikae mbali na mfereji wa mshale, maana kidole kikigusa mshale huishia njiani. Vilevile, anayejaza hewa mashavuni na kuifyatua kana kwamba anatema mate atapata namba kubwa ya uongo, na hilo ni hatari kuliko namba ndogo, kwa kuwa litamtuma barabarani siku ambayo alipaswa kubaki nyumbani.

Namba hizo ni lita kwa dakika, na kifaa cha mtu mzima kwa kawaida husoma kuanzia 60 hadi 800. Jedwali la urefu, umri na jinsia linalokuja ndani ya boksi lisikushughulishe sana. Linalofaa zaidi ni kilele chako mwenyewe, yaani namba kubwa unayoweza kuifikia katika wiki mbili hivi ambazo pumu imetulia. Kilele changu ni 480. Asilimia 80 yake ni 384 na asilimia 50 ni 240, na kwenye kifaa nilichonunua mna alama za rangi ya kijani, njano na nyekundu zinazosogezwa kwa ukucha hadi kwenye mipaka hiyo. Kwa mpango tuliokubaliana na daktari, juu ya 384 ninafanya mazoezi yaliyopangwa; kati ya mipaka hiyo miwili ninaahirisha mbio na kufuata maelekezo ya dawa aliyoniandikia; chini ya 240 ninatumia dawa ya kufungua kifua haraka na kwenda hospitali bila kusubiri. Mipaka hii si yangu peke yangu, ndiyo inayotumika sana duniani, lakini dawa za kila ngazi lazima zitoke kwa daktari anayekufahamu.

Moshi ni mahali pazuri pa kukijaribu kifaa hiki, kwa kuwa maandalizi ya mbio hupita katika nyakati mbili zinazosumbua kifua kwa namna tofauti. Mvua za vuli za Novemba na Desemba huotesha nyasi kila kona, nazo zikichanua chavua hujaa hewani. Wengi hulaumu mijakaranda ya mtaa wa Shanty Town, pengine kwa sababu maua yake ya zambarau ndiyo yanayoonekana, lakini mjakaranda huchavushwa na wadudu na chavua yake haisafiri sana. Nyasi ndizo zinazotegemea upepo, na ndizo zinazonifanya nipige chafya na kuwashwa macho mpaka machozi yatoke. Januari na Februari nyasi hukauka, na nafasi yake huchukuliwa na vumbi, hasa kwenye njia za udongo za upande wa Rau, ambako lori moja likipita huacha wingu linalokaa hewani kwa muda mrefu.

Kuna jambo lingine ambalo bila namba nisingelibaini. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi nyua hufagiliwa kwa chelewa, majani makavu hukusanywa kando ya barabara, na vijilundo huanza kufuka moshi nyumba baada ya nyumba. Nilipokuwa nikianza kukimbia wakati huo, pumzi yangu baada ya mbio ilishuka waziwazi kuliko siku nilizoanza saa kumi na moja alfajiri, katika njia ileile na kwa mwendo uleule. Nilijaribu pia barakoa ya kitambaa, ikanipunguzia vumbi mdomoni, lakini kwenye daftari haikuleta tofauti ya maana. Kuhamisha saa ya kutoka ndiko kulikoleta. Anayetoka gizani ahakikishe anakimbia na mwenzake na amevaa kitu kinachoakisi taa za bodaboda.

Manufaa makubwa zaidi yalionekana nilipoanza kupima kabla ya mbio na tena dakika kumi baada ya kumaliza. Asubuhi moja ya mwanzoni mwa msimu nilisoma 470 kabla na 395 baada, yaani upungufu wa takriban asilimia 16, nami nikifikiri nimekimbia vizuri tu. Upungufu wa kuanzia asilimia 15 baada ya mazoezi ni dalili ambayo daktari huichukulia kwa uzito. Kwa kuwa mfululizo huo wa namba ulikuwa umeandikwa wiki baada ya wiki pamoja na tarehe, hali ya hewa na njia niliyopita, mazungumzo yetu kliniki hayakuwa ya kubahatisha. Daktari alinitoa kwenye salbutamol peke yake, ile inhela ya buluu ambayo wengi tunaifahamu, akaniandikia inhela yenye steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe wa njia za hewa, na formoterol, inayolegeza misuli yake, kwa pamoja. Mwongozo wa kimataifa wa pumu uitwao GINA umeacha tangu mwaka 2019 kupendekeza watu wazima watibiwe kwa salbutamol pekee, kwa sababu salbutamol hulegeza misuli ya njia za hewa bila kutibu uvimbe ulio ndani yake, na anayeitumia kila siku kabla ya mazoezi huona nguvu yake ya kumkinga ikififia. Baada ya wiki kadhaa za dawa mpya usomaji wa kawaida ukawa 475 kabla na 450 baada. Kwa mwenye kutia shaka kwamba mapafu ya aina hii yanaweza kumaliza mbio ndefu, Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyeishi na pumu inayoamshwa na mazoezi, alikimbia marathoni ya London mwaka 2003 kwa saa 2:15:25, na rekodi hiyo ya dunia ilidumu hadi mwaka 2019, Brigid Kosgei wa Kenya alipoivunja Chicago.

Kifaa kilinisaidia pia kurekebisha namna ya kupasha mwili moto. Inajulikana kwamba baadhi ya wenye pumu, wakianza kwa vipande vifupi vya kasi vyenye mapumziko kati yake, hupata kinga ya muda wa saa moja hadi mbili ambamo kifua hakibani kwa urahisi. Si wote wanaoipata, na kipima pumzi ndicho kinachokuambia kama wewe ni mmoja wao. Mimi ni mmojawapo: siku ninazotangulia na vipande kadhaa vya nusu dakika, kisha nikatembea kabla ya kushika mwendo, namba ya baada ya mbio haishuki kama siku ninazoondoka nyumbani moja kwa moja.

Pamoja na sifa hizo, mapungufu yapo, na kubwa ni kwamba kipima pumzi hakijui chochote kuhusu pua. Siku za chavua nyingi niliweza kusoma 460 huku pua zikiwa zimeziba kabisa, na pua iliyoziba humlazimisha mkimbiaji kupumua kwa mdomo tangu hatua ya kwanza, jambo linaloandaa kifua kubana baadaye. Kwa hiyo namba nzuri isikufanye uache kutibu mzio. Dawa ya pua ya kupuliza yenye steroidi hufanya kazi polepole na inafaa ianzwe wiki moja au mbili kabla ya msimu wa nyasi kuliko kusubiri chafya zianze. Kwa vidonge vya mzio, cetirizine au loratadine zinamfaa mkimbiaji kuliko Piriton ya kila duka la dawa, ambayo hulevya usingizi na kuufanya mwili uwe mzito hata asubuhi inayofuata.

Pili, pumzi ya kila mtu huwa chini alfajiri na kupanda kadiri mchana unavyoendelea, hivyo namba ya saa kumi na moja alfajiri isilinganishwe na ya saa kumi jioni. Tatu, vifaa havifanani: vipo vilivyotumia mizani ya zamani ya Wright na vipo vya mizani ya Ulaya iliyokuja baadaye, na pumzi ileile inaweza kusomeka tofauti. Ukibadilisha kifaa, tafuta kilele upya. Na kama mkimbiaji hajawahi kuambiwa na daktari kwamba ana pumu, kifaa hiki kisichukue nafasi ya kipimo kamili cha spirometa cha hospitali, kwa sababu si kila anayekosa pumzi akikimbia ana pumu. Upungufu wa damu na matatizo ya moyo huweza kuanza vivyo hivyo.

Wanaoshiriki mashindano yenye upimaji wa dawa zilizokatazwa michezoni wajue kwamba salbutamol ya kuvuta inaruhusiwa kwa kipimo kisichozidi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, na isizidi mikrogramu 600 katika saa nane zozote, ilhali mkupuo mmoja wa inhela ya kawaida ni mikrogramu 100. Vidonge vya salbutamol, ambavyo bado vinauzwa kwa bei rahisi sana, vimepigwa marufuku, na vidonge vya prednisolone, ambayo ni steroidi ya kumeza, haviruhusiwi wakati wa mashindano bila kibali. Ninalitaja hili kwa sababu nimewasikia wakimbiaji wenzangu wakipeana vidonge hivyo asubuhi ya mbio kwa nia njema.

Kabla ya kununua, omba kukishika kifaa mkononi: mshale uteleze bila kukwama na urudi chini bila kulazimishwa, na mdomo wa kupulizia uweze kutolewa. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kikung'ute, na ukiache kikauke chenyewe. Vumbi la Februari likiingia kwenye springi usomaji huharibika taratibu bila wewe kujua. Usikiazime. Mwenye fedha za kitu kimoja tu atangulize inhela yenye steroidi, maana kupima pumzi usiyoitibu hakuna faida, na asiyeweza kununua spesa, yaani chombo kinachowekwa kati ya inhela na mdomo ili dawa ivutwe vizuri, amwombe muuguzi amtengenezee kwa chupa ya plastiki ya nusu lita: watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999, kwa watoto waliopatwa na pumu kali, kwamba chupa hiyo ikitobolewa kitako kwa kipimo cha inhela na kuzibwa vizuri pembeni hufanya kazi sawa na spesa ya dukani. Fedha inayobaki hapo ndiyo ya kipima pumzi, na saa ya mkononi inaweza kusubiri msimu ujao.